Chembe cha Moyo

Silvanus alikuwa amekwisha kuamua. Alimwambia Chelagat kabla hajaketi, kabla hata mlinzi hajaufunga mlango wa kile chumba cheupe cha mahojiano katika jela ya kaunti kule Upper Marlboro, Marekani.

"Dada, mwambie wakili asihangaike tena. Kesho nikisimamishwa mbele ya jaji nitasema ndiyo. Nimemuua Ombeni."

Chelagat alivuta kiti. Zamani alikuwa konstebo Nakuru. Sasa alikuwa mpelelezi wa wakili mmoja mwenye ofisi Riverdale Park, juu ya duka la matairi. Kazi hizo mbili zilimfundisha jambo moja: mtu anayekiri kwa haraka aulizwe polepole.

"Ulimwona wakati unampiga?"

"Sikumwona."

"Basi umejuaje?"

"Mshale ni wangu."

Chelagat akafungua bahasha ya kaki, akamsogezea picha ya kwanza. Ilionyesha mkia wa mshale: manyoya mawili ya kahawia na moja jeupe, ya bata mzinga, yaliyogundishwa kwa mkono wenye subira. Silvanus alitazama mara moja tu, kisha akajifunika uso kwa viganja.

"Hakuna mtu Marekani hii anayegundisha manyoya hivyo. Baba yangu aligundisha hivyo Sikonge. Na kule mbele utakuta pete zangu nyeusi za rangi. Ni wangu, dada."

"Kuna picha nyingine."

"Sitaki. Hiyo hiyo ndiyo ninayoiona nikifumba macho."

Chelagat akazirudisha picha ndani ya bahasha. Baadaye angejilaumu kwa hilo.

"Nieleze jioni ile tangu mwanzo."

Walikwenda watatu kuwinda kulungu kwa upinde, Silvanus alisema, katika msitu wa shamba la mzee mmoja kusini mwa kaunti. Yeye na Ombeni, ambao walifanya kazi pamoja ghalani Landover, walipanda gari moja. Kuria, Mkenya wa kanisani kwao, alikuja na gari lake, na jua lilipoanza kushuka aliaga akisema ana zamu ya kutunza wazee. Wakabaki wawili, kila mmoja upande wake wa bonde.

"Ulipiga mishale mingapi?"

"Mmoja. Dume lilipita bondeni. Nikaachia, nikalikosa, mshale ukapotelea vichakani. Nikashuka kuutafuta. Ndipo nikasikia mtu anaita, Silva, Silva. Nikamkuta Ombeni kifudifudi kwenye majani makavu, manyoya yangu yamesimama mgongoni mwake. Nikakimbilia barabarani kutafuta msaada."

"Kifudifudi. Basi upande wa mbele hukuuona."

"Nione nini tena, dada? Niliona manyoya."

"Nani mwingine ana mishale ya manyoya haya?"

"Ombeni nilimtengenezea, ila yake niliitia rangi nyekundu. Kuria nilimpa ya aina hii hii mwaka jana. Aliniambia imevunjika yote kwenye mazoezi."

"Mlikuwa na ugomvi, nyinyi watatu?"

Kwa mara ya kwanza uso wa Silvanus ulilegea kidogo. "Ugomvi? Mabishano tu, mimi na Kuria. Yeye ni mtu wa madukani, kila msimu ana kitu kipya. Mimi nina tupa yangu. Ombeni alikuwa akitucheka. 'Nyie mnachagua silaha kama mnachagua wachumba, na mnyama mwenyewe hajulikani yuko wapi.'" Kicheko kikamfia mdomoni. "Tena yeye mwenyewe alinitaja hospitalini. Wameniambia. Mtu anayekata roho hasemi uongo."

"Hasemi," Chelagat alikubali huku akiinuka. "Lakini anayemsikiliza anaweza kusikia vibaya. Usiseme ndiyo kesho mpaka tuonane."

"Na usipokuja?"

Chelagat akagonga mlango ili mlinzi amfungulie. Silvanus akisema ndiyo, faili lingefungwa: miaka jela, kisha ndege ya kurudishwa Tabora akiwa na jina la mtu aliyemuua rafiki yake.

*

Nyaguthii alikuwa akikunja shuka katika nyumba ya mashine za kufulia, kando ya barabara kuu ya Riverdale Park. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, na ndiye aliyeketi kando ya kitanda cha Ombeni kwa kuwa wadi nzima haikuwa na mwingine aliyejua Kiswahili. Ushahidi wote dhidi ya Silvanus, ukiacha yale manyoya, ulitoka kinywani mwake.

"Nilishaambia polisi," alisema bila kuinua macho. "Alisema, 'Mshale wa Silva.' Halafu akajishika hapa." Akagonga kwa vidole chini ya mfupa wa kifua. "Akasema, 'Chembe.' Na kweli mshale ulikuwa umeingia mgongoni ukatokea hapo hapo, kwenye chembe cha moyo. Nikawatafsiria: mshale wa Silva umenichoma chembe cha moyo."

"Alisema 'umenichoma'?"

"Hapo nilimmalizia. Mtu hana pumzi, anatafuta neno, utamwacha? Unamsaidia."

"Na 'cha moyo', alisema?"

Nyaguthii akaacha shuka. Akamtazama juu ya miwani. "Wewe ni wa wapi?"

"Kapsabet."

"Basi msichana wa Kapsabet asinifundishe Kiswahili. Mimi nilikuwa mwalimu Othaya kabla sijaja kuosha wazee wa watu huku. Chembe ni punje, kama chembe ya mchanga. Halafu kuna chembe cha moyo. Ya tatu hakuna."

"Sikufundishi, mama. Nataka tu kile kilichotoka mdomoni mwake. Bila msaada."

Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikatulia. Nje, treni ya mizigo ilipita ikivuta mabehewa yake kama mtu anayevuta minyororo, na Nyaguthii akangoja mpaka lilipopita la mwisho.

"Kulikuwa na kitu nyuma ya hilo neno," alisema kwa sauti ya chini. "Kifupi. Hakikuwa na maana, nikakiacha. Aliniangalia kana kwamba nimemwibia. Alikirudia, tena akakirudia, huku nikimwambia nimekuelewa, baba, nimekuelewa." Akakunja upya shuka ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa. "Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Kitu gani?"

"Wacha kwanza. Sitaapa juu ya upuuzi."

"Ukikikumbuka, hata kama ni upuuzi, nipigie. Jioni hii nitakuwa kwa mjane." Akamwandikia namba ya simu ya huko.

Nyaguthii aliitazama ile karatasi bila kuigusa. "Nyumba hiyo? Si wanasema marehemu ndiye anayepokea simu?"

*

Walikuwa wakisema kweli, kwa namna yake. Katika nyumba ya kupanga ya Honorata, Landover, sauti ya mumewe ilikuwa bado kwenye mashine ya kupokea simu, na yeye hakutaka iguswe.

"Watu wananiambia niifute," alisema, akimkaribisha Chelagat kwenye kochi. "Nitaifutaje? Kaburini yuko kimya. Hapa anaongea."

Hakuwa peke yake. Kuria alikuwa ameketi mezani, Biblia imefunguliwa mbele yake, koti limetundikwa vizuri kwenye mgongo wa kiti. Tangu msiba alikuja kila jioni kuongoza sala. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kwaya, na alipoinuka kumsalimu Chelagat alimshika mkono kwa mikono yote miwili.

"Pole na kazi, dada. Kumtetea yule si jambo rahisi."

"Yule" ndilo lilikuwa jina la Silvanus katika nyumba ile. Honorata hakulitamka jina lenyewe.

"Kuna mtu hupiga," Honorata aliendelea, kana kwamba alingoja kumpata mtu wa kumwambia. "Kila siku, mchana. Anamsikiliza Ombeni mpaka mwisho, halafu hasemi kitu. Nasikia anavyohema. Kisha anakata."

"Ni laini mbovu, shemeji," Kuria alisema taratibu. "Nilishakwambia."

"Laini haihemi."

"Naomba nimsikie," Chelagat alisema.

Honorata aliinama juu ya mashine kama mtu anayemwamsha mtoto, akabonyeza. Kanda ikakwaruza, na sauti ya mwanamume mchangamfu ikajaa sebuleni: "Hapa ni kwa Ombeni. Hatupo. Ukiwa na neno, usiondoke nalo. Liseme." Kuria aliangalia chini, kwenye Biblia. Kanda ikaendelea na ujumbe aliomwachia mkewe, sauti ile ile, sasa na kelele za ghalani nyuma yake: "Mama Queen, ni mimi. Silva akipita, mpe vyembe vyake vya akiba, viko kwenye kopo la kahawa juu ya friji. Mwambie nimevikagua, vinanyoa. Na wewe usiviguse, bibi, vidole vyako bado navihitaji."

Honorata alitabasamu huku machozi yakimdondoka. Chelagat hakutabasamu. Alikuwa ameketi wima.

"Vyembe ni nini?"

"Vyembe?" Honorata alishangaa. "Vyembe vya mishale. Hiki cha mbele, kinachochoma. Kwani nyie Kenya mnakiitaje?"

"Shuleni tuliambiwa kigumba."

"Kwetu Tabora ni chembe."

"Silvanus alikuja kuvichukua?"

"Hakupita. Wakaenda huko porini, na... hakupita." Akaenda jikoni, akarudi na kopo, akaliweka mezani kando ya Biblia. "Sijaligusa. Aliniambia nisiviguse."

Chelagat alifungua kifuniko, akamimina vilivyomo juu ya gazeti. Vyembe vyote vilikuwa vya mtindo mmoja: kipande kimoja cha chuma chenye umbo la jani la mwembe lililochongoka, makali mawili, alama za tupa zikimeta pembeni, na nyuma skrubu ya kufungia kwenye mshale. Aliikunjua bahasha yake magotini, chini ya meza, mahali ambapo hakuna mwingine angeona, akatoa picha ya mwisho, ile ambayo Silvanus alikataa kuitazama. Yeye mwenyewe alikwisha kuiona, lakini siku ile aliona damu tu. Sasa alitazama chuma. Juu ya pete nyeusi za Silvanus kulikuwa na chembe cha mabawa matatu, yametanuka kama miguu ya buibui.

Polisi walisoma mkia wa mshale. Hakuna aliyesoma kichwa.

Akaifunika picha kwa kiganja.

"Shemeji Kuria," alisema, "hebu nisaidie. Kesho mwendesha mashtaka ataniuliza maswali ya mawindo, na mimi sijawahi kushika hata manati. Mtu akitaka kuwinda mnyama mkubwa, anachaguaje chembe?"

Kuria alifunga Biblia. Swali lile lilimpunguzia mzigo fulani. Mabega yake yalishuka. Akachukua kimoja juu ya gazeti, akakizungusha karibu na taa.

"Jambo la kwanza ni upinde wenyewe. Yule ana upinde wa mbao, mlaini. Nguvu yake ndogo, kwa hiyo anahitaji kitu chembamba kama hiki kipenye kama sindano. Hana budi. Jambo la pili ni makali. Chembe butu ni dhambi, dada, usicheke. Mnyama aliyepigwa kwa chembe butu anateseka usiku kucha. Aliyepigwa kwa chembe kikali hata hajui. Anakimbia kidogo, anasimama, kama mtu aliyesahau kitu. Halafu anakaa chini."

Honorata aligeuza uso dirishani.

"Kwa hiyo hivi vya Silvanus ni vizuri?"

"Ni vya kizamani." Kiburi kidogo kiliingia katika sauti ya kwaya. "Hivi bapa vinashika upepo, vinaupeleka mshale kando. Mimi nina upinde wa kapi, una nguvu. Natumia vya mabawa. Yamekunjwa wakati mshale unaruka, unakwenda moja kwa moja mahali ulipolenga. Vikigusa mwili, yanafunguka. Shimo pana, damu nyingi, hupati taabu kumfuata. Ukinipa vya aina zote nichague, nachagua hivyo, leo na kesho."

"Na vinahitaji mshale wake maalumu?"

"Hapana. Skrubu ni ile ile. Hata kwenye mishale ya yule, na uzito wake wote, nilivifunga vikakaa sawasawa."

"Mishale ipi?"

"Aliyonipa."

"Ile iliyovunjika yote kwenye mazoezi?"

Kuria aliweka kile chembe juu ya gazeti, taratibu, kikagonga kingine kikalia.

"Ulivifunga lini, shemeji?" Honorata aliuliza kutoka dirishani. Hakuwa ameelewa bado, lakini kitu katika ukimya ule kilimgeuza.

"Mwaka jana. Sikumbuki. Mwaka jana."

Hapo ndipo simu ilipolia.

Hakuna aliyenyanyuka. Ikalia tena, na tena, mpaka mashine ikapokea na sauti ya marehemu ikasema katikati yao: "Hapa ni kwa Ombeni. Hatupo. Ukiwa na neno, usiondoke nalo. Liseme." Kisha ule mlio mrefu.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, iliyojaa woga. "Yesu wangu, ni kweli ni yeye. Chelagat, kama uko hapo, ni Nyaguthii. Niko hapa hospitalini, nimesimama mlangoni pa kile chumba chake. Nimekumbuka. Sikutaka kukisema kwa sababu hakina maana kwangu, lakini wewe ulisema bila msaada, basi ni bila msaada. Alisema, 'Mshale wa Silva. Chembe si chake.' Ndivyo. Chembe si chake. Alirudia mpaka akanyamaza. Mungu anisamehe kama ni upuuzi."

Simu ikakatika.

Honorata aliitazama mashine, gazeti, na lile kopo. Midomo yake ilitembea bila sauti, ikiyapima maneno. Yeye hakuhitaji mkalimani.

Chelagat aliondoa kiganja, akaiweka picha juu ya meza, karibu na jani la mwembe la Silvanus. Mabawa matatu. Pete nyeusi.

"Alikiona kikimtoka kifuani," alisema. "Alijua mshale ni wa nani, na alijua chembe si cha nani. Alitumia pumzi yake ya mwisho kumwokoa rafiki yake, na sisi tukamtafsiria kinyume. Mimi sina pingu, shemeji. Niko hapa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo kesho atasema ndiyo kwa jambo asilolifanya."

Kuria alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alipozungumza, sauti ya kwaya haikuwepo.

"Nilikuwa njiani kurudi garini. Nikasikia majani. Nikaona mgongo unapita katikati ya miti, rangi ile ile ya kulungu, na jua linazama. Sikungoja nione kichwa. Akaanguka, akaita. Hakuniita mimi. Alimwita Silva. Nikasema, Silva yuko karibu, atamsaidia, mimi nikifika sitakuwa na la kufanya. Nilikimbia. Mwezi ujao nina mahojiano ya kadi ya ukaazi. Mke wangu na watoto wako Gatundu, miaka mingapi wananingoja. Halafu nikaambiwa Silva mwenyewe amekubali kosa. Nikasema labda... labda Mungu ndivyo alivyopanga."

"Usimtaje," Honorata alisema.

"Mimi ndiye ninayepiga, shemeji. Mchana. Nilitaka kumwambia. Anasema liseme, na mimi siwezi."

Nje, taa za maegesho ziliwaka zote kwa pamoja. Chelagat aliisogeza simu mbele ya Kuria na kuweka kando yake namba ya nyumbani ya wakili. Hakumshika, wala hakusimama kati yake na mlango. Kuria alitazama koti lake kwenye mgongo wa kiti, akatazama mlango. Kisha akanyanyua mkono wa simu na kuanza kubonyeza namba, akikosea, akianza upya.

Honorata alikuwa akikusanya vyembe. Alivishika kwa upande wa skrubu, kimoja kimoja, kama alivyoagizwa, akavirudisha ndani ya kopo na kulifunga. Akalishika mapajani kwa muda mrefu. Upande wa pili wa meza Kuria alikuwa akisema jina lake kamili, polepole, kwa mtu aliyemwomba alitaje tena.

"Dada Chelagat," Honorata alisema. "Yule..." Akakatisha. Akajaribu upya, kama anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Silvanus. Amekula nini leo?"